Kosa la Mstari wa Tatu

Akheri, Arusha
Jumapili, 20 Novemba 1994

Kwa kaka yangu mpendwa Ndesanjo,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi Agnela pamoja na watoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunaendelea. Mama miguu inamsumbua kila mvua ikianza, lakini bado anakwenda kukata majani mwenyewe na ukimkataza anakasirika. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Baba kifua bado hakijapona, nitakueleza zaidi hapo mbele.

Barua yako ya Septemba tuliipata. Ulisema biashara ya mitumba inakwenda vizuri na kwamba hujambo kabisa. Neno hilo la kabisa uliliandika mara mbili katika ukurasa mmoja, na wewe unanijua, mtu akiniambia kabisa mara mbili naanza kumtazama mikono. Ndiyo maana barua hii sikuitia posta. Nimempa Hans anayepeleka lori la maharage huko Mwanza, na nimemwapisha akukabidhi wewe mkononi, asiiache dukani wala kwa wifi. Soma ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho, maana kuna jambo la kuamua kabla ya Jumapili ijayo, Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Kaka, tarumbeta namba saba imerudi.

Najua umeshtuka. Hebu nikueleze kwa utaratibu. Huku siku hizi kila gari linalopanda mlima lina mnunuzi ndani yake. Kahawa yenyewe wanakuja watu binafsi na mizani yao, na baba anapima tena kwa mizani yake kabla hawajaondoka. Wengine wananunua maparachichi, wengine chupa tupu, na wabaya kuliko wote ni hawa wa vyuma chakavu, ambao hawaulizi shaba imetoka wapi. Bendi ya mtaa mmoja jirani imepoteza tarumbeta ya besi na tenari mbili kwa mpigo. Mimi ndiye mtunza vyombo wa bendi tangu mwaka ule wa 1988 namba saba ilipopotea mkononi mwako pale stendi ya Arusha, na tangu hapo ufunguo wa kabati haujalala sehemu moja wiki mbili. Watu wananicheka. Mzee Elieza, aliyeshika bendi baada ya baba, husema nikifa nitaomba nizikwe na kufuli.

Basi Jumamosi ya tarehe kumi na mbili tulikuwa kwenye mazoezi nyuma ya kanisa, saa tisa alasiri. Tulikuwa tunapiga ule wimbo wa kusindikiza maiti kutoka nyumbani, maana kulikuwa na msiba kwa kina Ndeshi. Tulipofika mstari wa tatu nikaona mtu amesimama kwenye kona ya ofisi. Mtu mzima wa miaka hamsini hivi, kofia kichwani, viatu vya mjini vimejaa tope jekundu la kwetu, na begi refu begani. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu na anahema. Tulipomaliza, akaomba kwa adabu turudie mstari ule wa tatu tu.

Nilimchukia hapo hapo. Nani anapanda mlima kuomba mstari mmoja wa mazishi? Alisema pikapu yao imekatika springi pale Tengeru wakitokea Moshi, na kwamba amesikia tarumbeta kutoka sokoni akafuata sauti. Soko la Jumamosi lina kelele kiasi gani unalijua mwenyewe. Tukarudia. Mimi nilikuwa napiga huku jicho moja liko kwake, na nikaona vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vinapanda na kushuka juu ya paja. Nikasema moyoni, anahesabu vyombo vyetu.

Kisha yakaja maswali. Aliuliza nani aliandika nota zetu. Aliuliza tunazo tarumbeta ngapi na kama zamani zilikuwa zaidi ya hizo. Aliuliza vyombo vinatunzwa wapi na ufunguo anao nani. Nilimjibu anao mchungaji, wakati ulikuwa umefungwa kiunoni mwangu chini ya kitenge unanichoma ubavu. Yeye akatabasamu kama mtu aliyejua nasema uongo, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nilimkonyeza Mzee Elieza. Unajua Elieza hahitaji kukonyezwa mara mbili. Wanaume wakamzunguka yule mgeni, wakamwambia afungue begi. Hakubisha. Alilifungua taratibu, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa kipande cha blanketi, akakikunjua. Ilikuwa tarumbeta. Pale penye namba pamepigwa tupa pakalainika, lakini kwenye bomba la chini kilikuwapo kile kiraka alichokichomelea baba, kile chenye umbo la haragwe. Mtu yeyote wa bendi yetu angekitambua gizani kwa kidole.

Unaweza kufikiri kelele zilizofuata. Mwizi, mwizi. Kijana mmoja alimvuta kofia, mwingine akawa anatafuta fimbo. Elieza, namshukuru kwa hilo, alisema hakuna kumpiga mtu kwenye uwanja wa kanisa. Wakamfungia ofisini, kwa kufuli la kabati na ufunguo wangu mimi, na Elieza akatelemka kumwita mwenyekiti wa kijiji. Vijana walikwenda kuziba njia ya Tengeru, wakisema huenda kuna wenzake kwenye pikapu. Mimi niliachwa mlangoni na namba saba mapajani, kulinda.

Sasa kaka, nisikilize vizuri hapa. Yule mtu alikuja dirishani akaniomba kitu kimoja. Hakuomba maji wala kufunguliwa. Aliniomba nimpe tarumbeta dakika moja kupitia kwenye nondo, anionyeshe kitu. Nilikataa. Akasema basi nitazame vidole vyake tu. Nikakataa kutazama, lakini nikatazama. Akaniambia niliposikia anauliza juu ya nota, sababu yake ilikuwa ile nota ya la ya mstari wa tatu, ambayo haimo katika kitabu chochote cha tarumbeta alichowahi kukiona. Vitabuni mahali pale pana so.

Wewe na mimi tunaijua la ile. Baba aliiandika kwa makosa alipokuwa ananakili nota za tarumbeta ya kwanza kwa mkono, sisi hatujazaliwa. Unakumbuka yule mwalimu wa chuo cha Makumira aliyekuja kumsahihisha, na baba akamjibu kwamba asante sana, ila watu wa hapa wameshazoea kuzikwa nayo? Waliojifunza kupiga kutoka kwenye karatasi ile ni watatu tu duniani: baba mwenyewe, wewe, na mimi.

Nilimpa tarumbeta. Usiniulize kwa nini, mimi ambaye sijawahi kumpa mtu hata kitambaa cha kufutia. Aliipokea, akavuta pumzi kwa pua mara mbili, fupi halafu ndefu, kwa sauti.

Hapo nilijua ni nani. Kaka, kila mtu mwenye redio anazijua zile pumzi mbili. Bendi zote kubwa za Dar es Salaam zikienda kurekodi zinamkodi, na jina lake haliandikwi kwenye kanda hata moja, lakini kabla ya tarumbeta kuingia unasikia zile pumzi mbili na watu barabarani wanasimama. Wanamwita Pumzi. Jina lake la ubatizo, aliniambia baadaye, ni Fanuel. Miaka yote nilimwazia kuwa mtu mrefu. Alikuwa mfupi, amevuliwa kofia, amefungiwa katika ofisi yetu kama kuku aliyekamatwa kwenye mahindi, na aliyemfungia ni mimi.

Alipiga mstari wa tatu. La ile ile, akiingia kutoka chini, akiikawiza kidogo, ndipo akashuka kwenye so. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika ule wimbo wake unaopigwa kila Jumapili mchana kwenye kipindi cha salamu redioni, ule watu wanaousubiri kwa ajili ya nota moja. Nilikuwa nimeutambua tangu mara ya kwanza nilipousikia, miaka mitano iliyopita. Sikumwambia mtu. Nitakueleza kwa nini, na ndiyo aibu yangu.

Akaniambia kwamba mwaka ule alikuwa Arusha na bendi moja, tarumbeta yake imekufa, na unajua siku zile hata ukiwa na fedha dukani hakuna. Kijana mmoja akamfuata karibu na stendi na hii ya kwetu ndani ya gunia la mkaa. Yeye akasema hanunui chombo asichokisikia, basi kijana apige. Kijana akapiga wimbo wa mazishi. Fanuel akamwomba arudie mstari wa tatu, halafu tena, na mara ya tatu kijana akawa anapiga huku machozi yanamtoka, mpaka watu wakafikiri ana msiba. Alisema aliponunua alijua ananunua kitu chenye mwenyewe, akajifanya hajui. Nota ile ilimpa sifa, na kila alipoipiga alijiuliza ilitoka kwa nani. Na siku hiyo pikapu ikaharibika Tengeru, na akaisikia inatelemka mlimani.

Nikamuuliza huyo kijana alikuwa nani. Alijibu kwamba jina hakuliuliza na sura ameisahau. Kilichobaki kichwani mwake ni mkono. Akainua tarumbeta, akakunja kidole cha pete, na kitufe cha tatu akakibonyeza kwa kidole kidogo.

Kaka Ndesanjo, kidole chako cha pete kilikatwa na mashine ya majani nikiwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha ile mashine. Sidhani kama kuna siku nimekisahau.

Shati lako lilichanika kifuani siku ile ulipofika nyumbani ukilia kwamba umenyang'anywa. Mama alilishona. Ulilichana mwenyewe, au ulimwomba mtu akusaidie?

Nilikuwa bado nimesimama pale dirishani baba alipotokea kati ya migomba. Alikuwa na viatu vyake vya mpira na kile kisu cha kupogolea kahawa, anakohoa, ametembea haraka kuliko kifua chake kinavyomruhusu. Alikuwa ameisikia tarumbeta yake. Alimtazama mgeni, akaitazama tarumbeta, akanyoosha mkono kupitia kwenye nondo akakigusa kile kiraka. Halafu akakaa kwenye ngazi akasubiri.

Elieza aliporudi na mwenyekiti na watu kama thelathini, baba alisimama akasema mlango ufunguliwe, kwa sababu mtu huyu si mwizi, alinunua. Elieza akauliza alinunua kwa nani. Baba akasema, kwangu.

Elieza akamgeukia Fanuel, akamwambia aseme mbele ya wote kama huyu mzee ndiye aliyemuuzia. Fanuel alitazama mikono ya baba. Vidole vyote kumi vipo. Kisha akanigeukia mimi, akakaa ananitazama, na nilielewa kabisa kwamba ananipa nafasi ya kusema. Mimi sikusema. Nilishika ufunguo wangu. Aliposubiri vya kutosha alivaa kofia yake akasema, ndiye.

Walimwachia. Tarumbeta aliiacha mezani na hakutaka kitu. Alipokuwa anatelemka alinipitia karibu, akaniambia la yangu ni ya kweli kuliko yake, kwa sababu yeye huipiga ili watu wasimame na mimi naipiga ili mtu aondoke kwa amani. Siku nyingine yoyote maneno hayo kutoka kwa mtu yule yangenifanya nisilale kwa furaha. Siku ile yalinichoma.

Sasa aibu yangu, nayo nakwambia wazi kwa kuwa na wewe nakudai uwazi. Mwezi ule tarumbeta ilipopotea, baba aliezeka jiko kwa mabati mapya. Niliyatazama yale mabati nikatia shaka. Baadaye niliposikia la yetu redioni, nikajua Pumzi amesikia wimbo huo kwa mmoja wetu. Wewe nilikusadiki, kwa sababu ya shati. Akabaki baba. Na kila wimbo ule ulipoanza baba alikuwa anainuka na kuizima redio, nami nikaona huo ni ushahidi. Kaka, miaka sita nimekuwa nikimficha ufunguo baba yangu mwenyewe. Sikuwa nawaficha wanunuzi wa vyuma. Mwaka jana aliniomba afungue kabati atie mafuta vitufe, nikamwambia ufunguo uko kwa mchungaji, kama nilivyomwambia yule mgeni.

Jioni ile, mama akiwa anakamua, nilikwenda jikoni kwa baba nikauweka ufunguo mezani kando ya chai yake. Nililia. Alinirudishia. Alisema mtunza vyombo ni mimi, ila nisiwe nauficha kwenye debe la unga, unashika kutu, na kwamba kila nilipouweka humo yeye alikuwa akiutoa, anaupaka mafuta, anaurudisha.

Alikuwa akijua, kaka. Alijua namwazia nini, na alijua na lako. Alisema aliijua tarumbeta yake na la yake tangu siku ya kwanza redioni, na alijua yeye hakuuza, na mimi sikuwa nimefika mjini mwaka ule. Alikuwa akizima redio ili mama asisikie akauliza. Nilimuuliza kwa nini basi alijibebesha kosa, akasema wewe una watoto wadogo na jina la duka, yeye ana kahawa tu, na kahawa haiulizi jina.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Baraza la wazee wa kanisa limekaa Alhamisi. Jumapili ijayo baba anatakiwa kusimama mbele ya usharika atubu. Wote wanadhani atatubu na yatakwisha. Mimi ameniambia atasimama, ila maneno ya toba hatayatamka. Anasema kumdanganya Elieza ameweza, lakini hawezi kumwomba Mungu amsamehe jambo ambalo Mungu anajua hakulifanya. Asipotamka atatengwa. Na aliyetengwa, unajua desturi ya hapa, akifa hapigiwi tarumbeta. Na kifua chake hakimwachii siku nyingi, nasikia usiku anavyokohoa. Yeye aliyewazika watu wa mlima huu wote kwa la yake, atatolewa nyumbani kimyakimya, na mimi na bendi nzima tutasimama pembeni na vyombo vimefungwa kabatini.

Nimekuwa nikiwaza kwamba nimwambie Elieza kila kitu. Baba amenikataza, na nimemwahidi kwamba jina lako halitatoka kinywani mwangu. Nitaishika ahadi hiyo. Hans atakuwa Mwanza Jumanne. Basi la Alhamisi litakufikisha Arusha Jumamosi, unapanda Akheri mchana, kuna loshoro ya mtindi ya kula, mama hataamini macho yake. Ukikaa nasi jioni, asubuhi tutakwenda wote, na utasimama wewe badala yake, na utasema maneno ambayo ni yako. Kutengwa kwako hakutadumu, utarudishwa kundini. Watu wataongea, wacha waongee. Mimi nitakaa nawe benchi moja.

Usipokuja sitasema neno. Kabla ya toba bendi itapiga wimbo mmoja, na Elieza amenipa mimi namba saba. Nitapiga mistari yote mitatu nikiwa nimekunja kidole cha pete, na kitufe cha tatu nitakibonyeza kwa kidole kidogo. Waliokaa kushoto na kulia kwako bendini miaka minane wataangalia mkono wangu. Sauti itakuwa ile ile.

Nimejizoeza wiki nzima. Mwanzoni kidole kinauma, halafu kinazoea. Nadhani na wewe kilikuuma hivyo, na hukuwahi kunilaumu kwa ile mashine, hata siku moja. Kwa hiyo usifikiri naandika kwa chuki. Nakupenda kaka, na ndiyo sababu nakuandikia wewe kwanza.

Mama anakusalimu sana, anasema mmtumie picha ya mtoto mdogo. Baba anakusalimu pia. Nilimwambia nakuandikia, akaniambia nikuulize kama huko Mwanza mvua zimeshika. Msalimie wifi Agnela na uwabusu watoto. Kitanda chako nimekitandika tangu leo.

Ni mimi mdogo wako,
Anande
Mtunza vyombo